Unyayo wa Mdogo Wangu

Jumamosi, 2 Machi

Niwie radhi, shajara. Tangu tumzike mume wangu sijakufungua. Sikuwa na neno lisilo kilio. Leo ninalo, na lina damu.

Palikuwa na semina ya saratani ya ngozi maktabani. Muuguzi aliketi na watu kwenye mkeka wa chumba cha watoto, chumba ninachokisimamia kwa kujitolea tangu nistaafu ualimu. Mkeka huo haukanyagwi na viatu. Haukanyagwi! Mdogo wangu, mchinjaji, alitaka kubaki na buti zake. Nikamwamuru avue kama wenzake. Akavua.

Muuguzi akauinua mguu wake. Kwenye kisigino, chini, doa jeusi lenye kingo zilizochongoka. Akamwambia kwa upole aende hospitali Jumatatu, kipande kikatwe, kipimwe.

Dereva wa maktaba akaangua kicheko: "Bucha, ng'ombe wamekuachia kwato nini?"

Mdogo wangu akampiga kiti cha uso. Mara mbili. Jino liliruka hadi kwenye rafu ya kamusi. Nilipomshika mkono alinibamiza ukutani — mimi, niliyemlea!

"Wewe ndiye uliyenivua viatu mbele za watu, dada."

Jumapili, 3 Machi

Wifi, mke wa mdogo wangu, kanipigia simu akilia. Mume wake amelikata doa mwenyewe! Kwa kisu cha kazi, mguu juu ya gogo la nyama. Nilipofika nilikuta sakafu yote nyekundu. Kile kipande cha kupimwa kakitupia mbwa.

"Kwisha habari yake," akasema. "Kansa si nyama tu? Nyama naijua, dada."

Nilimzaba kofi. Akacheka. Hospitali hataki kuisikia.

Jumatano, 6 Machi

Mguu umevimba hadi gotini. Unanuka. Amemrushia wifi sufuria ya maji ya moto, imemkosa.

Alhamisi, 7 Machi

Wanaume wanne wa machinjioni wamembeba hadi hospitali akipigana. Mmoja kang'atwa mkono. Wauguzi wamemfunga kitandani.

Daktari hakuzunguka: uozo unapanda. Mguu uondolewe leo, chini ya goti, la sivyo tukachimbe kaburi. Saratani wataipima kwenye mguu huohuo. Mgonjwa homa imemtoa akili, kwa hiyo ndugu atie sahihi.

Wifi amenisukumia kalamu. "Mimi ndiye nitakayelala naye chumba kimoja, wifi. Tia wewe."

Asubuhi, akili zake zikiwapo bado, mdogo wangu alinikaba ukosi. "Ukikubali wanikate, nikipona nakuchinja. Sitanii." Hatanii. Namjua tangu anatambaa.

Karatasi iko mapajani mwangu. Daktari amesimama mlangoni, glavu mikononi. Kutoka ndani mdogo wangu ananguruma aletewe buti zake. Zote mbili!

Nikishaamua, nitaandika.