Nani Aligusa Bandeji ya Baba

Nyumba za Wauguzi,
Chumba Na. 6.
14 Agosti

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko ugenini? Wifi na Kibonge wenu wanaendeleaje, na kile kikohozi chako kimekuacha? Huku Mama ni mzima, ila amekonda. Mimi nipo.

Kaka, kaa chini ndipo usome. Baba amekatwa mguu, chini kidogo ya goti. Leo ni siku ya tisa. Sikutaka usikie kwa mtu mwingine, maana kisa chenyewe kinanihusu.

Alipoanguka kutoka kwenye ngazi akavunjika muundi, ule mfupa wa mbele wa mguu, aliletwa wodini kwetu, wodi ya mifupa. Akawekewa chuma, na upasuaji ukaenda vizuri. Kwa sababu ya sukari yake, daktari aliagiza bandeji isiguswe mpaka aione yeye mwenyewe.

Siku ya tatu, nikiwa zamu, Baba akaniita. "Binti yangu, kidonda kinawasha mpaka nataka kulia. Hebu nichungulie."

Nilikuwa nimetoka kumgeuza mgonjwa wa kitanda cha nne, ambaye kidonda chake kilikuwa kinatoa usaha. Bomba halikuwa na maji tangu asubuhi. Chupa ya dawa ya mikono ilikuwa mezani, hatua kumi tu. Sikuzipiga. Niliinua bandeji kwa mikono mitupu, nikapuliza kama alivyokuwa akitupuliza magoti tulipochubuka, nikafunga. Baba akacheka, akasema nimempoza.

Siku ya sita homa ikapanda, shuka zikaanza kunuka. Mara tatu walimrudisha chumba cha upasuaji kumsafisha. Chuma kikatolewa. Dawa zikabadilishwa, hazikufua dafu. Maabara wakasema vijidudu vyake ni vilevile vya kitanda cha nne.

Sista mkuu, tunayemwita Mama Sabuni kwa ukali wake, akatukusanya. "Nani aligusa bandeji ile?"

Wenzangu wakaanza kumtazama mfagizi. Kaka, nusura nimwachie mzigo. Kisha nikasema, "Ni mimi."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. "Kamwambie mwenyewe," alisema, "kabla hajatia sahihi ya kukatwa."

Nikamwambia. Baba akatia sahihi, akageukia ukutani. Tangu hapo hata salamu yangu hakuitikia.

Nimepewa barua ya onyo. Sasa kila kitanda kina chupa yake ya dawa, na bandeji haifunguliwi bila muuguzi wa pili kusimama hapo. Kwa Baba yamechelewa.

Jana niliinama nimwekee mto vizuri, akanizuia kwa kiganja.

"Umenawa?"

Ndilo neno lake la kwanza kwangu. Nikaenda, nikanawa hadi viwiko huku akinitazama, nikarudi. Akainua kichwa, nikamwekea mto.

Sikuombi unitetee. Ukiweza, njoo. Usipoweza, mpigie mwongee habari za mpira.

Msalimie Wifi, mbusu Kibonge. Shangazi na Mama wanakusalimu sana. Mungu akutunze, wewe na kila utakayemgusa.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinikasirikia.