Uso wa Mama Uliouacha Mweupe

Baba yangu mpenzi,

Nakuandikia nimekasirika, na bora nikwambie mapema usije ukadhani haya ni maombolezo. Wiki hii nimehamisha vitu vyako kutoka nyumba yako ya Darsait, hapa Maskati, na picha ya mama haikunipa raha.

Yote ni kwa sababu ya yule mchoraji wako wa Kizungu wa karne ya kumi na nane. Sikumbuki chakula cha mchana ambacho hukutuhadithia maisha yake: mtoto wa seremala aliyekwenda mjini hana mbele wala nyuma, akaishia kuwachora mabibi wa kitajiri waliongojea zamu mlangoni kwake. Yeye alichora nyuso tu. Nguo aliwaachia wasaidizi, ndivyo mabwana wa zama zile walivyofanya kazi. Nawe ukalishika hilo kama sunna. Wakubwa wa mtaa wa Madinat Sultan Qaboos wakija, wewe ulichora nyuso, mama akachora kanzu zao za dishdasha, vilemba na majambia ya hanjari, sahihi ikawa yako. Mama hakulalamika. Mimi ndiye niliyechoka kwa niaba yake.

Alipoanza kuumwa nikakuomba umchore yeye. Ukasema, "Nguo kwanza, mwanangu. Ndo utaratibu."

Basi mgonjwa akakaa kitandani akajichorea kanga yake mwenyewe, ua kwa ua, akakuachia nafasi ya uso. Hapo ndipo ulipoanza visingizio. Leo mwanga mbaya, kesho una kichwa. Nikikukumbusha, unanambia yule mchoraji wako alimngojesha mke wa waziri mwaka mzima. Mama alikuwa akicheka tu. "Mwache babako," alinambia. "Nnamjua, anaogopa."

Kweli uliogopa. Kumtazama sawasawa kungekuwa kukubali kwamba anakwenda. Nalijua hilo, na bado nina hasira nawe.

Tulipokwisha kumzika ulikaa mbele ya picha ile miaka, brashi kavu mkononi. "Uso umenikimbia," ukasema. Nikakuletea picha yake ya pasipoti, ukaikataa, ati haina roho.

Baba, watu wote wanasema mimi na mama ni sura moja, macho mpaka kidevu. Kila alasiri nilikuletea kahawa hapo hapo ulipokaa, nikasimama mbele yako mpaka umalize kikombe. Hukuinua macho hata siku moja.

Mola akurehemu, mzee wangu mkaidi.

Binti yako wa pekee