Vishada Saba vya Bibi Masika

Kisangani, Kabondo
Tarehe 9 Juni

Kwako mwanangu Florentine,

Nakusalimu kwa upendo, na pamoja nawe nawasalimu wote wanaoota moto jikoni kwako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya mwezi huu haijakurudishia maumivu ya magoti. Kondoo je, wamebaki wangapi? Mimi ninaendelea. Macho yamepungua nguvu, na mguu wa kushoto unavimba nikikaa sana, lakini chakula nakila na sala nazisali kwa wakati wake. Mvua imetuacha tangu wiki iliyopita na joto limekaa juu ya mji kama kifuniko. Tangu mume wangu Waziri afariki nyumba hii imekuwa kubwa kupita kiasi, na sasa imezidi, kwa sababu utakayoisoma hapa chini.

Barua nimempa Faustin, yule dereva wa lori. Anasema barabara ikimruhusu atafika kwenu kwa siku nane. Atakukabidhi pia mfuko wa vishada saba vya uzi wa sufu. Nakuomba usome barua kwanza, ndipo uufungue mfuko.

Jambo lililonifanya niandike ni moja. Mwezi ujao, tarehe kumi na nane, mtamaliza mwaka wa msiba wa mama yako, na binti yako Gracia hajaitwa. Mwezi wa pili ulimwambia kwa simu asikanyage nyumbani siku hiyo. Mimi naomba umwite. Nitakueleza kwa nini, na nitaeleza polepole. Ndivyo nilivyozoea, wewe uliyekaa darasani kwangu unajua, na tena sehemu ya mwisho ni nzito kuifikia.

Nianze na mama yako, Bibi Masika, kwa sababu kila kitu kinaanzia kwake. Nilipoletwa huko milimani kufundisha kemia nilikuwa msichana wa Kisangani aliyezoea mto na msitu. Kwetu rangi ni mbili tu, kijani cha miti na hudhurungi ya maji, na mtu anaweza kuzeeka bila kutazama kitu chochote kwa makini. Mama yako alinitazama ninavyotetemeka uwanjani, akanipa shali, akaniuliza kama kwetu watu huvaa nguo au huvaa jasho. Kesho yake akaniamsha alfajiri, akanisimamisha kwenye ukingo wa shamba la viazi. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni. Akasema nisiseme kitu, nitazame mpaka nione njano inatokea wapi. Nilisimama nikiganda mikono, na kweli njano ilitokea, kwanza kwenye nyasi za juu, kisha kwenye mapaa, kisha kwenye migongo ya kondoo. Akaniambia njano ile ndiyo anayoitafuta katika chungu chake tangu akiwa msichana, na kwamba mara mbili tu ameipata.

Miaka tisa niliyokaa kwenu alinifundisha kuosha sufu, kuisokota, kuichemsha kwa shabu ili ishike rangi, kisha kuitia kwenye maji ya maua. Mimi nikamlipa kwa maelezo. Nilimweleza kwamba shabu ni chumvi inayoungana na unyuzi upande mmoja na rangi upande wa pili, ndiyo maana rangi haitoki. Alinisikiliza kwa adabu. Kabla ya kutia maji chunguni aliyaonja kila mara, hata yakiwa ya chemchemi ile ile ya jana. Nilipomwambia kwamba hakuna haja, alicheka mpaka wakwe zake wakatoka nje. Akasema, “Mwalimu, kitabu chako kinajua jina la maji, lakini bado hakijayanywa.” Neno hilo lilinichoma, na nadhani sikumsamehe kabisa.

Desturi ya nyumba yenu sihitaji kukufundisha, lakini naiandika ili ukisoma mbele ya wengine waelewe. Mwanamke akifa, uzi aliouacha amekwisha kuusokota hauuzwi wala haugawiwi mweupe. Hutiwa rangi na yule ambaye marehemu alimchagua, unafumwa shali moja, na shali hiyo huvaliwa siku ya kumaliza mwaka. Mama yako aliacha vishada saba. Alivisokota kwa vidole vilivyokuwa vimeanza kukataa kazi, na akasema mbele yako kwamba rangi iwe njano na mkono uwe wa Gracia. Alijua alichochagua. Mtoto huyu katika miaka mitatu aliyokaa kwangu akisoma chuo kikuu alijaza madaftari mawili ya rangi, na zote ni za huko kwenu: udongo baada ya kuvuna viazi, moshi unaotoka kwenye nyasi za paa, mkia wa kondoo mwenye matope. Alikuwa akifunga macho akizikumbuka, kisha anajaribu na maganda ya vitunguu, na magome, na chochote alichookota sokoni, mpaka jikoni kwangu pakawa hapapikiki hata pondu, mboga yetu ya majani ya muhogo.

Januari barabara ilipokuwa mbaya na Gracia hakuweza kupanda, ulituma vishada na maua makavu. Alivipokea kwa mikono miwili, akavilaza kwenye kitanda chake, yeye akalala mkekani. Alikataa kuanza siku hiyo. Alisema, “Mama Mwalimu, tungoje mvua. Maji ya kisima iko na kutu.” Nikamwambia maji ya kisima chetu ni maangavu kama glasi, na kwamba yakichemshwa ni maji tu. Akainamisha kichwa, lakini akangoja. Wiki tatu alingoja. Mvua ilipokuja aliweka mabeseni chini ya mabati, akajaza pipa, na maji ya pipa yalipokuwa yametosha kwa chungu akajaza na bidoni moja, dumu la plastiki la bluu, kwa akiba.

Siku ya kutia rangi alikuwa na mtihani saa nane mchana, na mtihani hauahirishwi. Vishada vilikuwa vimekwisha kupita kwenye shabu, vipo chunguni, na rangi ilikuwa imeanza kuingia vizuri. Mwanangu, niliiona. Ilikuwa njano ile ya mapaa. Aliniomba nilinde moto, usipande wala usizime. Aliporudi jioni vishada vilikuwa rangi ya ukuvu, rangi ya jani lililooza ndani ya maji. Alivitoa kimoja kimoja kwa kijiti. Hakulia. Akaniuliza tu, “Mama Mwalimu, nini imeingia humu?”

Nilijibu kwa hasira. Nilimwambia yeye ndiye aliyechemshia shabu kwenye sufuria ya chuma, kwamba nimemwonya mara mia, kwamba vijana wa leo kazi wanaifanya huku wanatazama simu. Akasema hakutumia sufuria ya chuma. Nikamwambia asinibishie. Kisha nikakupigia simu wewe, yeye akiwa amesimama mbele yangu, nikakueleza kwamba uzembe wa binti yako umeharibu kazi ya mwisho ya mama yako. Ulilia. Ukaomba nimpe simu. Nilisikia kila neno. Ulimwambia amemzika bibi yake mara ya pili, na kwamba siku ya kumaliza mwaka uso wake usionekane. Alikuitikia, “Ndiyo, mama,” akanirudishia simu, akaenda kuosha chungu.

Wiki iliyofuata alihamia kwa mwenzake Sandrine karibu na chuo. Aliniaga vizuri, akapiga magoti. Mwezi wa tatu alikwenda Yangambi kufanya staji, mazoezi ya kazi, kwenye kituo cha kilimo, na huko yuko mpaka leo. Sandrine aliniambia kwamba madaftari ameyaacha chini ya kitanda kwake, na mtu akimwomba amtie rangi hata kitambaa anasema kazi hiyo hakuijua kamwe.

Sasa nafika.

Gracia hakutumia sufuria ya chuma. Alipokuwa akiondoka kwenda kwenye mtihani aliniambia jambo moja zaidi ambalo sikukuambia: maji yakipungua, niongeze yale ya bidoni ya bluu iliyoko nyuma ya mlango. Maji yalipungua. Vishada vilianza kuchomoza juu, na nilijua vikikaa hivyo vitatoka na mabaka. Bidoni ilikuwa nzito na mguu ulikuwa unaniuma. Kisima kiko hatua sita kutoka mekoni. Nilichota ndoo mbili nikamimina. Lakini nisijifiche nyuma ya mguu. Wakati namimina nilikuwa najisemea moyoni kwamba leo nitamwonyesha mtoto huyu, na bibi yake kaburini, kwamba maji ni maji. Kisha nikaenda kusali. Niliporudi rangi ilikuwa imekwisha kubadilika, na mimi nikakoroga.

Unalikumbuka jaribio langu la chai? Kila mwaka niliwaletea darasani chai kali kwenye glasi na maji yaliyolala na misumari, nikachanganya, ikawa nyeusi kama wino, nanyi mkapiga makofi. Nikawaeleza kwamba chuma kidogo tu, hata kisichoonekana, hugeuza kila rangi inayotoka kwenye majani na maua kuwa ya giza. Siku ya tatu baada ya kukupigia simu nilimimina maji ya kisima kwenye chai yangu iliyobaki. Ikawa nyeusi. Basi tangu siku ya tatu nilijua kwa hakika. Siku ya kwanza, ukinibana, nitakiri kwamba nilishuku. Miezi minne nimejua na nimenyamaza. Mara mbili nilikupigia ili nikuambie, na mara mbili nikauliza habari za mvua. Ndiyo maana naandika: karatasi hainiruhusu kukata simu.

Wiki iliyopita nilipanda mtumbwi wa mota mpaka Yangambi. Nilimkuta Gracia akipanga mbegu kwenye bahasha. Amekonda. Aliniletea kiti, akaninunulia kwanga, mkate wa muhogo, na samaki, akaniuliza mguu. Nilipomweleza hakuacha kupanga mbegu. Akasema, “Nilijua, Mama Mwalimu. Ile jioni bidoni ilikuwa ingali imejaa, na ndoo ya kisima ilikuwa imelowa.” Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, “Ningesema nini? Mama angemsadiki nani, mimi au mwalimu wake?” Nikalia, mtu mzima mbele ya wafanyakazi. Alinipa kitambaa. Nikamwomba msamaha, naye akanijibu kwa upole ulioniumiza kuliko tusi: “Mimi unaniambia nini? Mambo haya mimi nayajua. Mwambie asiyeyajua.” Nilipomuuliza kama atapanda nyumbani akiitwa, alifunga bahasha aliyokuwa nayo, akaandika jina la mbegu juu yake, akachukua bahasha nyingine.

Nimetafuta njia ya kurudisha ile njano. Haipo. Chuma kikisha kuingia katika sufu hakitoki, na kadiri miaka inavyopita kitaula uzi wenyewe. Nakueleza hivi ili usije ukampa mtu kazi ya kujaribu. Vishada vitafumwa hivyo hivyo vilivyo, au havitafumwa, ni wewe wa kuamua.

Ninachoomba ni hiki. Mlimtia doa mtoto huyu mbele ya ukoo mzima, na mliambiwa na mimi. Siku ya tarehe kumi na nane, watu wakiwa wamekaa, isomwe barua hii kwa sauti, yote, pamoja na sehemu ya ndoo mbili. Usiipunguze kwa kunionea huruma. Wajukuu wataniita mzee mwongo, na watakuwa hawakukosea. Mimi sitakuja. Ningekuja mngesimama kunipa kiti, na sistahili kiti hicho.

Wasalimie wakwe za marehemu waliotoka nje siku ile aliponicheka. Wasalimie walimu wa shule yetu kama wapo bado. Mpe pole Simone, mdogo wako, kwa mtoto wake aliyeugua. Nasikia sasa anatembea. Mungu awalinde na kila anayepita barabara hizo, na ampumzishe mama yako pema.

Ukimaliza kusoma, usinipigie mimi, mpigie Gracia. Mtandao wa Yangambi hushika asubuhi, kabla ya saa tatu, akiwa bado hajaingia shambani. Akipokea atasema “Ndiyo, mama,” kisha atanyamaza. Usikate. Kaa naye katika kimya hicho muda wowote atakaotaka.

Ni mimi aliyekuwa mwalimu wako,

Khadija, mjane wa Waziri