Sori Inaendewa

Melbourne, 3 Juni

Dada Delvene,

Shikamoo. U hali gani? Mama hajambo? Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia tangu nisikie habari ya msiba wa Baba. Napiga simu, hupokei. Nimetuma maua, sijui kama yamefika. Dada, sori. Sori sana. Mwambie na Mama. Kazini kwenye usafi wa mabehewa ya treni wamebana ruhusa, siwezi kuja.

Mdogo wako,
Clifton

Kambini, 11 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima kiasi, Mama anakohoa. Maua yamefika, mbwa wameyalalia. Simu sipokei kwa sababu sauti yako ni ya yule tuliyemzika, ile ile. Kwa hiyo andika.

Barua yako niliisoma mbele ya shangazi zetu. Wakatazamana. Shangazi Myra akasema, "Sori ya mdomoni tunampa mtu tukimkanyaga kidole. Hii ya msiba inaendewa. Mwenyewe yuko wapi?"

Umesahau, Clifton? Nyumba ya marehemu tumeihama kama desturi yetu, tumeweka kambi ya msiba, magodoro tumeyalaza nje, upande wa mashariki. Watu wanakuja kutoka mbali, wanapiga magoti, tunakumbatiana tunalia. Hiyo ndiyo sori. Mama ni mjane, kwa hiyo mila inamzuia kusema, anaongea kwa mikono tu, na kila jioni mkono wake unaniuliza: yuko wapi? Amekataa kuondoka kambini mpaka uje. Asubuhi blanketi zina barafu.

Dada yako

Melbourne, 19 Juni

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, na pole na baridi. Kikohozi cha Mama vipi? Jana niliota nafagia behewa, na kila nikifagia mchanga mwekundu unazidi kuingia, mpaka viti vikafunikwa. Baba amekaa kiti cha mwisho, ananisubiri nimalize.

Shida siyo ruhusa, dada. Naogopa. Baba mdogo atanipiga kwa kutokuja kuzika?

Mdogo wako

Kambini, 24 Juni

Muoga wee, hujambo?

Atakupiga, kidogo. Halafu atakulilia, sana. Panda basi.

Dada

Kambini, 2 Julai

Mdogo wangu,

Hujambo? Naona hujambo, maana umelala hapa kando yangu, jua la mchana, mbwa miguuni. Naituma Melbourne uikute mlangoni ukirudi, la sivyo utadhani haya yote uliyaota.

Ulishuka garini na maneno umeyapanga, niliona midomo inacheza. Baba mdogo akakugonga bega kwa fimbo, mara moja tu, kisha akakuangukia shingoni analia. Mama akainuka. Tangu mazishi hajainuka bila kushikwa. Akakuziba mdomo kwa kiganja kabla hujatamka kitu, mkaanguka wote mchangani. Hukusema sori hata kidogo, na hakuna aliyeidai.

Sasa hivi umeongea usingizini. Sauti ile. Nilitaka kukuamsha, Mama akanizuia. Akasogea, akalaza sikio karibu na kinywa chako, machozi yanamtoka na anatabasamu. Nimefurahi mno.

Kesho tunahama kambi. Mkono wa Mama umeniagiza jambo, nami naliandika kama lilivyo: akifika huko, apige simu. Nitapokea, nimwekee Mama simu sikioni.

Kwa hiyo barua hii usiijibu. Piga.

Dada yako,
Delvene