Kishale Kilichoganda Kahe

Joyness, ndiyo kwanza tumetua.

Tulikuwa tunarudi Moshi, mimi rubani msaidizi, mawingu yamefunga. Kapteni Vedastus akaniuliza tuko wapi. Nikaangalia ramani kwenye tableti, kishale cha ndege kiko Kahe. Nikamjibu, "Kahe, kapteni." Kwa kujiamini kabisa!

Wingu likaachia kidogo. Chini nikaona kihamba chetu cha Mwika, lile shamba la migomba la nyumbani. Kihamba chetu, Joy! Na bati la bluu la nyumba ya mama. Kahe ni tambarare. Ukiwa Mwika, Mlima Kilimanjaro uko mbele yako.

Nikapiga kelele, "Kulia! Kulia!" Kapteni akageuza.

Kumbe programu imeganda, kishale hakijasogea dakika tano. Na mimi nakitazama tu.

Mama kapiga sasa hivi: "Ile ndege iliyopita chini vile, ni wewe mwanangu?"

Nimemwambia siyo mimi.