Tumeisafisha Friza Yako, Mama

Mama,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo kisha, kama mjinga, nikangoja "marahaba, mwanangu." Haya. Nitaendelea bila kuitikiwa.

Tangu tukuzike hapa Newala, Baba hakumruhusu mtu kugusa friza yako. Mama Salama, jirani, alitaka kuisafisha baada ya arobaini. Baba akamwambia, "Alivyopanga mwenyewe, acheni hivyo hivyo." Hata barafu za ukwaju ulizoacha, hakuna aliyekula. Nilirudi kazini Masasi nimemkasirikia.

Juzi nimekuja likizo, nikaikuta inanguruma bila kupumzika. Barafu imeota pembeni hadi mfuniko haufungi. Nikamwambia, "Baba, tukiiacha hivi mota itaungua."

"Iungue," akasema, akatoka uani.

Mama, nilisimama pale jikoni nikakumbuka ile siku. Nimemaliza darasa la saba, umeniambia niyeyushe friza, nami sikuwa na subira. Nikachukua kisu nikachokoa barafu. Gesi ikatoka, fyuuu, nikajua nimeiua. Baba aliporudi akauliza, "Nani kafanya hivi?" Ukajibu kabla sijafungua mdomo: "Mimi, Baba Zuhura. Mkono umeteleza." Kiangazi kizima, hadi fundi alipoijaza gesi upya, watoto wa mtaa wetu walikuja na vikombe vyao kuulizia barafu, ukawarudisha mikono mitupu. Hukunisuta hata mara moja. Na mimi sikuwahi kukushukuru. Sijui nilikuwa nangoja nini.

Nikamfuata Baba uani, nikamwambia. Yote. Nilikuwa nalia, sidhani kama alinielewa vizuri.

Akasema, "Nilijua. Mama yako atie kisu kwenye friza? Yeye aliyekuwa akiifuta kama anamwogesha mtoto? Nilimwacha na uongo wake kwa sababu alikuwa anakukinga wewe."

Miaka yote hiyo, Mama. Wewe unamficha, yeye anajua, mimi naogopa.

Akajifuta uso kwa shati. "Haya. Lete beseni."

Tukachomoa waya. Vitu vyote tukavitoa na kuvifunika kwa blanketi. Nikaweka sufuria ya maji ya moto ndani, juu ya kitambaa kilichokunjwa kama ulivyonifundisha, na Baba akatega beseni chini ya kitundu cha kutolea maji. Tukangoja. Barafu ikaanguka yenyewe, vipande vizima, na kila kikianguka Baba alishtuka. Mpira wa mfuniko aliusugua yeye, kwa mswaki na maji ya ndimu, mkunjo kwa mkunjo. Sijawahi kumwona akisafisha kitu humu ndani. Nyuma kwenye mota nikatoa vumbi zito. Maji hatukumwaga, maji ya huku unajua yalivyo adimu. Yamekwenda kwenye mchicha wako.

Chini kabisa, barafu ilipoachia, ulitoka mfuko wa mbaazi mbichi, umefungwa kwa kipande cha kanga. Nilijua ni zangu. Ulinipigia simu ukasema umenimenyea mbaazi, ukauliza, "Unakuja lini?" Nikakujibu, "Likizo, Mama." Kutoka Masasi hadi hapa! Asubuhi ningeondoka, mchana ningekuwa kwako. Nikakwambia likizo. Ukasema sawa, zitakaa.

Zimekaa, Mama. Wewe ndiye hukukaa.

Nilitaka kuzirudisha. Baba akanishika mkono: "Zipike. Alikuwekea ule, si utazame." Nikazipika kwa nazi. Chumvi nilizidisha. Baba alikula akaongeza, naye tangu uondoke alikuwa akionja tu na kusukuma sahani. Tulikula kila mtu akitazama sahani yake.

Tuliikausha friza kwa kitambaa, tukaiacha wazi hadi ikakauka kabisa, ndipo tukaiwasha. Sasa inanguruma kidogo na kunyamaza.

Mama, nakuomba radhi kwa siku zote nilizokuwa karibu nisije. Kwa heri, mama yangu. Mungu akulaze pema, akupanulie kaburi lako. Ahadi yangu ni hii moja: Baba akiniuliza nakuja lini, sitamtajia likizo. Nitamwambia, "Weka chai jikoni, nipo njiani," na nitakuwa njiani kweli.

Mwanao,
Zuhura