Munyororo wa Mashini ya Kimanga

Jumatatu, 3 Juni

Munyororo umelia tena. Krr — kimya — krr. Clovis alizima mashini, akapanda juu. Bwana yangu anaisikiliza ile elevateri kama munganga anavyosikiliza kifua. Chini kuna shimo la mahindi, juu kinu, katikati munyororo mrefu wenye ndoo za chuma: zinachota, zinapanda, zinamwaga, zinarudi kichwa chini. Minye niko mlangoni, napokea magunia. Watu wa uwanda wamevuna, foleni imefika barabara ya mtaa wetu wa Kimanga, motari wa pikipiki wanapiga honi.

Aliposhuka alisema viungo vimelika. "Hautamaliza wiki hii, Fanny." Patro Nzeyimana, mwenye kinu, akajibu munyororo mupya unatoka Bujumbura. Lini? Mungu ajua.

Jumanne, 4 Juni

Clovis amesude kiungo kimoja, amekichomelea kwa moto. Bado kibovu, anasema mwenyewe. Nilimwomba akatae kazi. Akanicheka — na hawa wamama nje watakula mahindi makavu? Sikucheka.

Jumatano, 5 Juni

Clovis iko hospitalini. Siwezi kuandika. Mungu wangu!

Alhamisi, 6 Juni

Nijaribu. Jana mchana mahindi yaliziba chini, ndoo zikakwama zimejaa. Clovis alizima, akatoa fyuzi, akaingia shimoni na koleo. Alifanya vizuri! Kila muntu aliona. Umeme haukuwepo. Uzito ndio ulikuwepo — ndoo za upande mumoja zote zinaning'inia na mahindi. Alipoanza kuzibua, kitu kikakatika juu. Kile kiungo. Munyororo wote ukashuka na ndoo zake. Sauti ile… kama paa la kanisa linaanguka. Halafu akaniita, polepole, bila kelele: "Fanny. Mguu."

Tulifukua mahindi kwa mikono. Mama mumoja wa foleni, Providence, aliruka ndani, akavua kitenge, akamfunga paja. Sikuwa namjua. Abarikiwe! Tulimpeleka Clovis hospitali kwa pikipiki, amebanwa katikati ya motari na minye. Njia nzima alikuwa ananiuliza kama nimeumia.

Ijumaa, 7 Juni

Mguu umekuwa mweusi hadi karibu na goti. Unanuka. Munganga Irankunda, mwanamke mupole, aliniita kwenye koridoo: sumu inapanda, wakate leo. Clovis amekataa.

"Na mguu mumoja nitapanda wapi? Muniache nife muzima."

Mama mukwe ameshuka kutoka Rurambo asubuhi, tope la mulima bado kwenye viatu. Naye anakataa. Mtoto wake hatazikwa vipande vipande.

"Weye ulimukuta na miwili," akaniambia.

"Mama, minye nataka muntu. Sitaki miguu."

Akageukia ukuta.

Patro alikuja na ndizi. Akalia mbele ya wagonjwa wote. Nilimwambia arudi nazo.

Jioni. Homa. Clovis hasemi tena vya kueleweka, anaita ng'ombe za baba yake kwa majina, moja moja, anazikemea zisiingie shambani. Munganga amesema hawezi tena kumuuliza yeye, jibu liko kwangu. Nilitoka uani. Ziwa limetulia tu, kama hakuna kitu. Niliomba. Sikusikia kitu. Akipona atanichukia, asipopona nitajichukia mwenyewe — nichague nini?

Nilirudi ndani nikamwambia munganga: mukate mguu.

Mama mukwe alikuwa amenishika mkono. Akauachia.

Jumamosi, 8 Juni

Yuko hai! Homa imeshuka. Munganga anasema damu yake inasafika, tungoje.

Mama mukwe hajanisemesha tangu jana. Sikulala, yeye pia. Asubuhi nilitoka kutafuta maji ya moto, nikarudi nikamukuta ameinama kitandani. Amekunja blanketi yake aliyokuja nayo, ameikunja nyembamba na ndefu, akaiingiza chini ya shuka, mahali pa mguu uliokatwa. Akanyoosha shuka juu yake kwa kiganja. Sasa kunaonekana miwili. Hakuniangalia. Nami nikamsaidia kuchomeka shuka upande wangu.

Clovis amefumbua macho. Ameomba uji. Njaa! Anasema ameota mvua, anacheka kidogo, midomo imepasuka. Mama anamulisha kwa kijiko, polepole sana, kama anataka ule uji usiishe. Anauliza kwa nini tunamwangalia hivi. Mama ananiangalia — mara ya kwanza.

Uji umeisha. Sasa ameshika chuma cha kitanda, anataka kukaa, na bado hatujamwambia —